Lucille Ball

Lucille Désirée Ball (6 Agosti 1911 – 26 Aprili 1989) alikuwa mwigizaji, mchekeshaji na mtayarishaji wa vipindi vya televisheni kutoka nchini Marekani. Anajulikana zaidi kwa tamthilia ya vichekesho ya televisheni iitwayo I Love Lucy ("Nampenda Lucy"), iliyorushwa hewani kuanzia mwaka 1951 hadi 1957. Mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni kubwa ya kutengeneza vipindi vya televisheni nchini Marekani.

Watu wengi wanamkumbuka kwa nywele zake nyekundu, macho makubwa na uso ulioweza kubadilika kwa namna nyingi katika dakika moja. Lakini umuhimu wake katika historia ya televisheni hautokani na uchekeshaji peke yake. Yeye na mume wake wa kwanza, Desi Arnaz, walieneza namna ya kupiga picha na kuhifadhi vipindi ambayo inatumika hadi leo katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Tamthilia ya vichekesho ni nini

Tamthilia ya vichekesho ya televisheni ni mfululizo wa vipindi vifupi, kwa kawaida vya nusu saa, vyenye wahusika walewale katika mazingira yaleyale: nyumba ya familia, ofisi, shule, mahakama au baa. Kila kipindi huwa na kisa chake. Tatizo huanza, hukua mpaka linapita kiasi, kisha hutatuliwa kabla ya muda kwisha. Wiki inayofuata wahusika wanarudi kama walivyokuwa, na tatizo jipya linaanza.

Kicheko hakitokani na mzaha wa maneno tu. Kinatokana zaidi na hali ambayo mhusika amejiingiza mwenyewe. Mtazamaji anamjua mhusika, anajua tabia yake, na anaona mapema kwamba jambo litaharibika. Kwa hiyo mwigizaji wa aina hii anahitaji vitu viwili: kupendwa na watazamaji kiasi kwamba wanamkaribisha nyumbani kila wiki, na uwezo wa kurudia tabia ileile kwa miaka bila kuchosha. Lucille Ball alikuwa na vyote viwili, ingawa alichelewa kuvigundua.

Maisha ya awali

Lucille Ball alizaliwa katika mji mdogo wa Jamestown, jimbo la New York. Baba yake, Henry Durrell Ball, alikuwa fundi wa nyaya za simu, na kwa sababu ya kazi hiyo familia ilihamahama. Baba huyo alifariki Februari 1915 kwa homa ya matumbo. Lucille alikuwa na umri wa miaka mitatu, na mama yake, Désirée, alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, Fred, aliyezaliwa miezi michache baadaye.

Mama na watoto walirudi kwa wazazi wake katika kijiji cha Celoron, jirani na Jamestown. Babu mzaa mama, Fred Hunt, ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Alipenda michezo ya jukwaani na aliwapeleka wajukuu wake kuitazama. Alikuwa pia mfuasi wa siasa za kijamaa. Mapenzi hayo mawili ya babu, moja la jukwaa na moja la siasa, yote yalikuja kugusa maisha ya mjukuu wake.

Mwaka 1927 balaa liliipata familia hiyo. Katika uwanja wa nyumba yao, mtoto wa jirani alipigwa risasi kwa bahati mbaya wakati watoto wakijifunza kulenga shabaha, akapooza. Kesi ilifunguliwa, Fred Hunt akaonekana na hatia ya uzembe, na familia ikapoteza nyumba yake.

Kabla ya hapo, mwaka 1926, Lucille alikuwa amepelekwa New York kusomea uigizaji katika shule ya John Murray Anderson. Mmoja wa wanafunzi wenzake alikuwa Bette Davis, ambaye baadaye alikuwa nyota mkubwa wa filamu. Walimu walimwona Lucille kuwa mwoga mno. Walimwandikia mama yake kwamba mtoto huyo hana kipaji na kwamba anapoteza fedha. Akarudi nyumbani.

Hata hivyo hakukata tamaa. Alirudi New York na kufanya kazi ya kuonyesha mavazi, akiwa miongoni mwa wasichana wa mshona mavazi maarufu Hattie Carnegie. Huko aliugua ugonjwa wa viungo uliomzuia kutembea vizuri, na ikamlazimu kukaa nyumbani muda mrefu akijitibu. Alipopona, alirudi tena mjini mwaka 1932, na picha yake ikatumika katika matangazo ya sigara.

Miaka ya filamu

Mwaka 1933 alikwenda Hollywood na kupata nafasi ndogo katika filamu Roman Scandals, miongoni mwa kundi la wasichana wa kupamba jukwaa. Kazi hiyo ilikuwa ya wiki chache tu, lakini alibaki huko moja kwa moja.

Kwa miaka mingi alifanya kazi katika studio ya RKO, akipewa nafasi ndogondogo. Alionekana katika Top Hat (1935) pamoja na Fred Astaire na Ginger Rogers, na katika Stage Door (1937) pamoja na Katharine Hepburn na Ginger Rogers. Mwaka 1940 alipata nafasi nzuri zaidi katika Dance, Girl, Dance, filamu iliyoongozwa na Dorothy Arzner, mmoja wa wanawake wachache sana waliokuwa waongozaji wa filamu Hollywood wakati huo. Baadaye alihamia MGM, ambako nywele zake, zilizokuwa za kahawia kwa asili, zilitiwa rangi nyekundu kwa ajili ya filamu ya rangi Du Barry Was a Lady (1943). Rangi hiyo ikawa alama yake hadi kufa.

Pamoja na bidii hiyo hakuwahi kuwa nyota wa daraja la kwanza. Alikuwa akicheza katika filamu za gharama ndogo, zile zilizoonyeshwa kama nyongeza ya filamu kubwa. Studio hazikujua la kufanya naye: alikuwa mzuri wa sura, na wakati ule iliaminika kwamba mwanamke mzuri hafai kuchekesha kwa kuanguka, kupakwa uji usoni au kukunja uso.

Ndoa na Desi Arnaz

Mwaka 1940, wakati wa kutengeneza filamu Too Many Girls, Lucille alikutana na Desi Arnaz, mwanamuziki na kiongozi wa bendi. Desi alizaliwa mwaka 1917 Santiago de Cuba, ambako baba yake alikuwa meya. Mapinduzi ya mwaka 1933 nchini Kuba yaliiharibia familia hiyo kila kitu, na Desi akaingia Marekani akiwa kijana mkimbizi. Walifunga ndoa tarehe 30 Novemba 1940.

Ndoa ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Desi alisafiri na bendi yake, na Lucille alifanya kazi Hollywood. Walionana kwa nadra, na Desi alikuwa na sifa ya ulevi na wanawake. Lucille pia alipata mimba zilizoharibika. Mtoto wao wa kwanza, Lucie, alizaliwa Julai 1951, mama akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 40.

Kuanzia mwaka 1948 Lucille alikuwa akiigiza katika mchezo wa redio uitwao My Favorite Husband wa kituo cha CBS. Humo, mbele ya hadhira ya watu waliokaa studioni, aligundua nguvu yake ya kuchekesha. CBS ilipotaka kuuhamishia mchezo huo kwenye televisheni, yeye alitoa sharti moja: mume katika mchezo awe mume wake halisi. Alitaka kazi itakayowaweka mahali pamoja.

Wakubwa wa CBS walisita. Walidai kwamba watazamaji hawatakubali kumwona mwanamke Mmarekani mweupe ameolewa na Mkuba mwenye lafudhi ya Kihispania. Hoja hiyo ilikuwa ya ajabu, kwa kuwa wawili hao walikuwa wameoana kwa karibu miaka kumi. Badala ya kubishana, mwaka 1950 waliunda kampuni yao, wakaiita Desilu kwa kuunganisha majina yao, kisha wakazunguka miji mbalimbali wakiigiza pamoja jukwaani. Watu walijaa na kucheka. CBS ikakubali.

I Love Lucy

Kipindi cha kwanza cha I Love Lucy kilirushwa tarehe 15 Oktoba 1951. Lucille aliigiza kama Lucy Ricardo, mke wa nyumbani katika jiji la New York ambaye anatamani sana kuwa msanii kama mume wake lakini hana kipaji cha kuimba. Desi aliigiza kama mume huyo, Ricky Ricardo, kiongozi wa bendi kutoka Kuba. Majirani na wenye nyumba wao, Ethel na Fred Mertz, waliigizwa na Vivian Vance na William Frawley. Waandishi wakuu wa mwanzo walikuwa Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll.

Karibu kila kisa kina mpango wa siri wa Lucy. Anataka kuingia jukwaani, kupata fedha au kumficha mume wake jambo, na Ethel anavutwa kumsaidia. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1952 Lucy anatangaza dawa ya kuongeza nguvu. Kila anaporudia mazoezi inambidi anywe kijiko kimoja, naye hajui kwamba dawa ina kileo, hivyo maneno yanazidi kumponyoka. Katika kingine cha mwaka huohuo wanawake wanakwenda kufanya kazi na wanaume wanabaki jikoni. Lucy na Ethel wanaajiriwa kufunga chokoleti zinazopita mbele yao juu ya mkanda wa mashine. Mkanda unaongezwa kasi, nao wanaanza kuzificha chokoleti kinywani, ndani ya kofia na ndani ya nguo. Mtu asiyejua neno la Kiingereza anaweza kutazama kisa hicho na kucheka, na hiyo ni sababu mojawapo ya kipindi hicho kuvuka mipaka ya nchi nyingi.

Mambo hayo yalionekana kama ya papo kwa papo, lakini hayakuwa hivyo. Lucille alifanya mazoezi kwa ukali. Kila kifaa alichopaswa kukitumia alikizoea kwanza mpaka mikono ilikijua, na waigizaji wenzake walisema kwamba hakuvumilia uzembe.

I Love Lucy ilikuwa na vipindi 180 katika misimu sita, na katika misimu minne kati ya hiyo ilikuwa kipindi kilichotazamwa kuliko vyote nchini Marekani. Ilirushwa Jumatatu usiku. Duka kubwa la Marshall Field's la Chicago, lililokuwa likifunguliwa jioni siku hiyo, lilibadilisha siku kwa sababu wateja walibaki nyumbani.

Kamera tatu na umiliki wa filamu

Ili kuelewa mchango wa Desilu, ni lazima kujua televisheni ilivyofanya kazi wakati ule. Vipindi vingi vilitoka New York moja kwa moja, yaani vilionekana wakati uleule vikiigizwa. Miji ya magharibi haikuweza kuvipata hivyo, kwa hiyo kamera ya filamu iliwekwa mbele ya kioo cha televisheni ili kunakili picha, na nakala hiyo ikapelekwa huko. Nakala zilikuwa hafifu na zenye ukungu. Baada ya kurushwa, mara nyingi zilitupwa.

Mdhamini wa kipindi, kampuni ya sigara ya Philip Morris, alitaka kazi ifanyike New York ili watazamaji wengi wa mashariki wapate picha safi. Lucille na Desi hawakutaka kuhama Los Angeles. Desi akapendekeza kipindi kipigwe kwenye filamu halisi ya sinema ya milimita 35, ili kila mji upate picha ileile safi. Lakini Lucille alichekesha vizuri zaidi mbele ya watu, na sinema za kawaida hupigwa kipande kwa kipande bila watazamaji. Suluhisho lilikuwa kuigiza kisa mfululizo kama mchezo wa jukwaani, mbele ya hadhira, huku kamera tatu zikipiga kwa pamoja kutoka pembe tofauti. Baadaye picha za kamera hizo huunganishwa kuwa kipindi kimoja.

Kazi ya taa ilipewa Karl Freund, mpiga picha aliyekuja kutoka Ujerumani na aliyepiga filamu maarufu Metropolis (1927). Tatizo lake lilikuwa kwamba mwanga unaofaa kamera moja huharibu picha ya kamera nyingine. Alipanga taa juu ya jukwaa kwa namna ambayo mwanga ulienea sawasawa kila upande. Kamera zaidi ya moja zilikuwa zimejaribiwa na watu wengine kabla yao, lakini ni Desilu iliyoufanya utaratibu huo kuwa kanuni ya vichekesho vya televisheni.

Gharama ya filamu ilikuwa kubwa. Lucille na Desi walikubali kupunguziwa malipo, na badala yake wakaomba filamu za vipindi zibaki mali yao baada ya kurushwa. CBS haikuona hasara katika ombi hilo, kwani nani angependa kutazama kipindi cha zamani? Muda si mrefu ilidhihirika kwamba watu wako tayari kutazama kipindi hichohicho mara nyingi. Filamu hizo zikawa na thamani kubwa, na baadaye CBS ilizinunua kwa mamilioni ya dola. Mwaka 1957 Desilu ilinunua majengo ya studio ya RKO, palepale ambapo Lucille alikuwa mwigizaji wa nafasi ndogo na palepale alipokutana na Desi.

Mimba kwenye televisheni

Mwaka 1952 Lucille alipata mimba ya mtoto wa pili. Desturi ya wakati ule ilikuwa kumficha mwigizaji mjamzito nyuma ya meza au kusimamisha kipindi. Desi na Oppenheimer waliamua kwamba Lucy Ricardo naye atapata mtoto. Mdhamini na CBS walipinga, kisha wakakubali kwa masharti. Neno la Kiingereza lenye maana ya "mjamzito" halikuruhusiwa kutamkwa, ikabidi wahusika waseme kwamba Lucy "anatarajia". Kasisi wa Kikatoliki, mchungaji wa Kiprotestanti na rabi wa Kiyahudi walialikwa kupitia maandishi ya kila kisa ili kuhakikisha hakuna lisilo la heshima.

Tarehe 19 Januari 1953 Lucille alijifungua mtoto wa kiume, Desi mdogo, kwa upasuaji. Jioni hiyohiyo kilirushwa kipindi, kilichokwisha kupigwa mapema, ambamo Lucy Ricardo anapelekwa hospitali na kujifungua mtoto wa kiume. Inakadiriwa kwamba watu milioni 44 walikitazama. Idadi hiyo ilizidi ya waliotazama kuapishwa kwa Rais Dwight Eisenhower siku iliyofuata.

Shutuma za ukomunisti

Miaka hiyo ilikuwa ya hofu kubwa nchini Marekani. Kamati ya Bunge ilichunguza watu walioshukiwa kuwa wakomunisti, na wasanii wengi waliotajwa walinyimwa kazi. Philip Loeb, aliyekuwa akiigiza kama baba katika tamthilia ya vichekesho The Goldbergs, aliondolewa kwa sababu ya shutuma hizo, na mwaka 1955 alijiua.

Septemba 1953 ilikuwa zamu ya Lucille Ball. Kumbukumbu zilionyesha kwamba mwaka 1936 alikuwa amejiandikisha kuwa mpigakura wa Chama cha Kikomunisti. Alihojiwa faraghani na kueleza kwamba yeye, mama yake na ndugu yake walijiandikisha ili kumfurahisha babu Fred Hunt, mzee aliyewalea, na kwamba yeye hakuwahi kushughulika na siasa hizo. Mchunguzi aliridhika, lakini siri ilivuja. Mtangazaji wa redio Walter Winchell alidokeza habari hiyo, kisha magazeti yakaiandika kwa herufi kubwa.

Tarehe 11 Septemba watu walikuwa wamekwisha kukaa studioni kutazama kipindi kikipigwa. Hakuna aliyejua kama wangemshangilia au wangemzomea. Kama mdhamini angejitoa, kampuni yote ingeanguka pamoja na ajira za watu wake. Desi alisimama mbele ya hadhira. Alieleza kwamba yeye mwenyewe alifukuzwa kwao na machafuko ya siasa, akakana kwamba mke wake ni mkomunisti, na kumalizia kwa mzaha kwamba kitu pekee chekundu kwa Lucy ni nywele zake, na hata hizo si za asili. Watu walisimama na kushangilia. Mjumbe wa kamati hiyo alitangaza hadharani kwamba hakuna ushahidi dhidi yake, mdhamini hakujitoa, na kipindi kiliendelea.

Wanahistoria wengine wameona kwamba aliponea kwa sababu ya umaarufu na faida iliyokuwa hatarini. Wengine waliokuwa na kosa dogo kama lake, au wasio na kosa lolote, hawakupata bahati hiyo.

Kiongozi wa studio

I Love Lucy ilimalizika Mei 1957, ikifuatiwa na vipindi virefu vichache hadi mwaka 1960. Mwaka huo ndoa ilivunjika. Mwaka 1961 Lucille aliolewa na Gary Morton, mchekeshaji, na akaishi naye hadi mwisho.

Mwaka 1962 alinunua hisa za Desi katika Desilu kwa dola milioni 2.5 na kuwa mkuu wa kampuni. Aliendelea kuigiza, safari hii katika The Lucy Show (1962–1968), tena pamoja na Vivian Vance, huku akipaswa kuamua mambo ya fedha na vipindi vipya. Chini ya uongozi wake Desilu ilitengeneza Star Trek na Mission: Impossible, vyote viwili vilivyoanza mwaka 1966. Vilikuwa vya gharama kubwa na baadhi ya washauri wake walivihofia, lakini aliviruhusu. Hadi leo hadithi za vipindi hivyo viwili zinatengenezewa filamu.

Mwaka 1967 aliiuza Desilu kwa kampuni ya Gulf+Western kwa dola milioni 17, na studio hiyo ikaunganishwa na Paramount.

Miaka ya mwisho

Kuanzia mwaka 1968 hadi 1974 aliigiza katika Here's Lucy, ambamo watoto wake Lucie na Desi mdogo waliigiza kama watoto wake. Mwaka 1985 aliigiza kama mwanamke mzee asiye na makazi katika filamu ya televisheni Stone Pillow, kazi isiyo ya kuchekesha. Mwaka 1986, akiwa na miaka 75, alijaribu tena kwa Life with Lucy. Vipindi vinane tu vilirushwa kabla ya kusimamishwa kwa kukosa watazamaji. Mambo aliyoyafanya akiwa na miaka 40 yaliwafanya watu wamhofie badala ya kucheka, na kushindwa huko kulimuumiza sana. Desemba ya mwaka huo Desi Arnaz alifariki kwa saratani. Ingawa waliachana, walikuwa wamebaki marafiki.

Aprili 1989 Lucille alifanyiwa upasuaji wa mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni. Alianza kupata nafuu, lakini mshipa huo ulipasuka tena, akafariki Los Angeles tarehe 26 Aprili akiwa na miaka 77. Mwaka 2002 majivu yake yalihamishiwa Jamestown, alikozaliwa, yakazikwa pamoja na ndugu zake.

Tuzo na kumbukumbu

Lucille Ball alipata tuzo za Emmy kwa uigizaji miaka ya 1953, 1956, 1967 na 1968. Mwaka 1986 alipewa heshima ya Kennedy Center, na mwaka 1989, baada ya kufa, alitunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais wa Marekani. Jamestown kuna makumbusho yake, na mwaka 2018 kilifunguliwa hapo Kituo cha Taifa cha Vichekesho. Filamu Being the Ricardos (2021), ambamo Nicole Kidman aliigiza kama Lucille, inasimulia wiki moja ya misukosuko katika kutengeneza kipindi.

Maoni ya wachambuzi juu ya Lucy Ricardo hayafanani. Wengine wanasema mhusika huyo alidhalilisha wanawake, kwa sababu mipango yake hushindwa na mwishowe huomba msamaha kwa mume anayemkemea kama mtoto. Wengine wanaona kinyume chake: wiki baada ya wiki mwanamke huyo alikataa kukaa jikoni, na wiki iliyofuata alijaribu tena. Linalokubalika na pande zote ni kwamba aliyeigiza kama mke asiyeruhusiwa kufanya kazi alikuwa, nje ya jukwaa, mmiliki wa kampuni iliyowalipa wote waliokuwepo.

Vichekesho vya televisheni Afrika Mashariki

Wakati I Love Lucy inaanza, Tanganyika haikuwa na televisheni. Mwaka huohuo wa 1951 ndipo kituo kidogo cha redio, Sauti ya Dar es Salaam, kilipoanza. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, Uganda mwaka 1963 na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilichelewa zaidi, kwa kuwa serikali iliiona kuwa anasa kwa nchi yenye mahitaji mengi. ITV ilianza mwaka 1994 chini ya kampuni ya IPP ya Reginald Mengi (aliyefariki 2019), mzaliwa wa Machame kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kwa hiyo kijana wa Moshi au Marangu aliyezaliwa mwaka mmoja na Desi mdogo alifikisha miaka 41 ndipo kituo cha televisheni kilipoanzishwa upande wa Bara.

Vichekesho vya Kiswahili vilikuwa vimekwisha kuota mizizi jukwaani na redioni. Nchini Kenya, Vitimbi ya kituo cha taifa iliwapa watazamaji Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau (aliyefariki 2015), na mke wake Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Mama Kayai ni mfano mzuri wa mwigizaji wa kike aliyejulikana kwa jina la mhusika kuliko jina lake mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa Lucy. Tanzania Bara, kundi la Kaole lilijulikana kwa michezo ya ITV, na baadaye vikafuata vichekesho kama Mizengwe na Ze Comedy.

Tofauti kubwa imebaki katika suala la umiliki. Mwigizaji anayelipwa kwa kipindi kimoja hupata malipo mara moja, hata kama kipindi hicho kitarudiwa kwa miaka ishirini. Mwenye haki ya kazi hulipwa kila inapotumika. Lucille Ball na mumewe walilitambua jambo hilo mwaka 1951, walipokubali kupokea kidogo ili wabaki na filamu zao. Swali hilohilo linawakabili leo waigizaji wa Kiswahili ambao kazi zao huuzwa kwa vituo vya televisheni au kuwekwa kwenye intaneti: je, mkataba unasema kazi hiyo ni ya nani baada ya kurushwa?